Okestra Si Mapambo: Albamu Nne na Ugomvi wa Chumba Kimoja

Kuna ugomvi umedumu chumbani kwetu tangu mwaka wa pili, na sasa tuko wa tatu, tunakaribia kuondoka. Si ugomvi wa zamu ya kudeki, wala wa nani kamaliza sukari. Tunagombania fidla. Rumeti wangu anasema mtu mwenye gitaa na wimbo mzuri hahitaji kitu kingine. Kila fidla unayoiongeza hapo ni maji unayotia kwenye maziwa. Mimi nasema hapana, inategemea nani anamimina na anamimina nini. Tumeshabishana hadi majirani wakagonga ukuta.

Muziki tunaougombania haupigwi kwenye bashi za Ijumaa. Ni wa watunzi wanaoimba nyimbo zao wenyewe, wengi wao watu wapole, ambao walipotoa albamu zao karibu hakuna aliyenunua. Baadaye wakapata mashabiki: wachache, lakini wachache wa aina ya kukesha. Na nyuma ya sauti zao, badala ya bendi ya kawaida, kuna okestra. Sehemu kubwa ya kazi hizi ilirekodiwa Uingereza na Marekani kati ya 1967 na 1973, miaka ambayo makampuni ya santuri yalikuwa bado tayari kubahatisha. Mfano mzuri wa kubahatisha ni Van Dyke Parks, Mmarekani aliyetoa albamu ya Song Cycle mwaka 1967. Albamu hiyo ilimeza zaidi ya dola 35,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule, na ilipododa, kampuni yake yenyewe ikatoa tangazo la kulalamika kwa utani kwamba imekula hasara kwenye albamu bora ya mwaka. Mkumbukeni huyu Parks, tutakutana naye tena.

Mimi ni mtoto wa Unguja, kwa hiyo fidla sikuzikuta kwa Wazungu. Nimezikuta kwa bibi, redioni, jioni, wakati wa kupepeta mchele. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na ina Culture Musical Club. Kwa hiyo habari ya mwimbaji mmoja kukaa mbele ya fidla, kanuni, udi na besi kwetu si jambo la kushangaza. Bibi alikuwa akisikia fidla zimezidi, anasema, "Hao wanamsemea, hawamwitikii." Nilikuwa sielewi. Katika taarabu asilia fidla hutembea na mwimbaji kwenye mahadhi yaleyale, akinyamaza zinajibu, akirudi zinampisha. Basi usiku mmoja, kwenye bando la usiku wa manane, simu yangu ikaniletea Nick Drake. Fidla zake hazikutembea kwenye mahadhi ya mwimbaji hata kidogo. Zilikwenda njia yao, pembeni, lakini hazikumwacha. Nikasema moyoni, hizi nazo zinaitikia, ila kwa lugha nyingine. Kesho yake nikamwekea rumeti asikilize, na hapo ndipo yote yalipoanzia.

Wimbo wa maandazi

Lazima niseme kwa nini ugomvi huu si wa mzaha, maana mkinisoma bila kujua hili mtaona nimekosa kazi.

Rumeti wangu alikuwa na wimbo. Aliutunga kuhusu mama yake, anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, maandazi yaliyomsomesha yeye mpaka hapa. Aliuimba jioni moja kwenye kimbweta nyuma ya hosteli, kwa gitaa la kuazima, sauti yenyewe ndogo kiasi kwamba ilibidi usogee. Watu waliokuwa wanadesa kwa ajili ya mtihani wakafunga madaftari. Mimi nikawa shabiki namba moja. Nikamwambia wimbo kama huu haufai kubaki kwenye kimbweta, twende studio. Bumu lilipoingia nikachangia na mimi.

Tulikwenda studio moja mjini. Prodyuza alimsikiliza kama nusu dakika, akasema ameuelewa. Akaweka mdundo. Akaweka fidla za kompyuta, nyingi, kama za tamthilia za televisheni. Akaweka tarumbeta za kinanda. Sauti ya rumeti akainyoosha na kuipaka mafuta mpaka ikawa ya mtu yeyote. Tulipotoka nikamwambia, "Aisee, imetoka kali." Natamani ningekuwa nilidanganya. Sikudanganya, siku ile niliamini kweli. Yeye aliusikiliza mara mbili ndani ya daladala, akaufuta, akarudisha gitaa la watu. Tangu siku hiyo hajaimba mbele ya mtu.

Kwa hiyo anaposema okestra ni maji kwenye maziwa, najua anazungumzia nini. Na mimi ninapobisha, nabisha nikiwa na deni. Naamini amejifunza somo lisilo sahihi, na aliyemfundisha ni mimi.

Basi nimezipanga albamu nne, kutoka ya nne kupanda hadi ya kwanza. Kila moja nimeiuliza swali moja: aliyeshika okestra alimsikiliza mwimbaji kabla ya kuandika noti?

Ya nne: Scott 4, ya Scott Walker (1969)

Jina lake halisi ni Noel Scott Engel. Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1943, akapata umaarufu Uingereza na kundi la The Walker Brothers, ule umaarufu wa kukimbizwa na mashabiki. Alipoanza kuimba peke yake, albamu zake tatu za kwanza zote ziliingia tatu bora Uingereza. Kisha mwishoni mwa 1969 akatoa Scott 4, nyimbo kumi, zote amezitunga mwenyewe, na kwenye jalada akatumia jina lake la kuzaliwa. Haikuingia hata kwenye chati. Haikupita muda mrefu ikaondolewa madukani.

Ukiisikiliza leo unajiuliza watu walikuwa wanafikiria nini. Wimbo wa kwanza unasimulia filamu ya Ingmar Bergman ya mwaka 1957, ile ya shujaa anayecheza sataranji na Mauti, na unafunguliwa na tarumbeta kama za filamu ya makauboi. Wimbo mwingine unahusu vifaru vya Kisovieti vilivyoingia Chekoslovakia mwaka 1968, na besi yake inatembea mbele kabisa, inakokota wimbo mzima. Okestra hapa ni sinema: pana, yenye kivuli na mwanga.

Kwa nini basi ni ya nne? Kwa sababu Scott ana sauti ya shaba. Ungemwekea radi nyuma yake angesikika. Okestra haikuhitaji kumwangalia sana. Ilihitaji kumjengea jukwaa, na ilijenga jukwaa zuri. Naipenda mno. Lakini haina cha kumwambia mtu mwenye sauti ndogo, na mimi ninayeandika hapa ninamfikiria mtu mwenye sauti ndogo.

Ya tatu: Ys, ya Joanna Newsom (2006)

Hii ni ya juzi ukilinganisha na wenzake. Newsom ni Mmarekani wa California anayepiga kinubi, na Ys ina nyimbo tano tu, lakini inachukua kama dakika 55. Mmoja peke yake unakaribia dakika 17. Ukiunga bando dogo litakatikia njiani.

Namna ilivyotengenezwa ndiyo ninayoipenda. Kwanza alirekodiwa yeye na kinubi chake tu, fundi akiwa Steve Albini, mtu aliyejulikana kwa kuacha sauti ilivyo. Halafu ndipo akaja Van Dyke Parks, yule yule wa hasara ya 1967, sasa mzee wa miaka zaidi ya sitini, akaandika okestra juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimesimama. Yaani mwimbaji hakulazimika kufuata okestra. Okestra ndiyo iliyolazimika kumfuata, akiharakisha, akisita, akipumua.

Kasoro yake? Parks hawezi kukaa kimya. Newsom akitaja ndege, filimbi inaruka. Akitaja maji, fidla zinatiririka. Dakika kumi za hivyo unaanza kuhisi kama umekaa sinemani na mtu anayekueleza kila kinachotokea. Ila kuna jambo moja linalowaokoa wote wawili. Kati ya nyimbo tano, mmoja, Sawdust & Diamonds, hauna okestra kabisa. Ni kinubi na sauti. Kuna mahali walikaa wakakubaliana kwamba huu tuuache. Rumeti wangu alipousikia huo alisema, "Unaona?" Nikamwambia naona, lakini naona na ile minne mingine. Kujua pa kunyamaza ni sehemu ya kazi ya kupanga ala, kama mwalimu anavyopaswa kujua ni lini aweke chaki chini.

Ya pili: Five Leaves Left, ya Nick Drake (1969)

Hapa naomba wanakampasi wenzangu mnisikilize vizuri, maana hii ni hadithi ya wanafunzi.

Nick Drake alizaliwa mwaka 1948 huko Rangoon, Burma, akakulia kijijini Uingereza, akaenda Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye gitaa analolitungia nyuzi kwa namna zake mwenyewe. Prodyuza Joe Boyd akampa nafasi ya kurekodi London. Kwa kuwa nyimbo zilihitaji ala za nyuzi, wakamleta mpangaji mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Alichoandika hakikumkaa Drake. Na yule kijana mkimya, ambaye kuongea kwenyewe kulikuwa tabu, akafungua mdomo akasema ana rafiki chuoni anayeweza.

Rafiki huyo aliitwa Robert Kirby. Mwanafunzi wa muziki, umri wetu huu. Hakuwa na jina. Alichokuwa nacho ni kwamba alikuwa anazijua nyimbo. Wimbo wa Way to Blue ndio ushahidi. Hauna gitaa hata kidogo. Fikiria hilo: mtu ambaye gitaa ndiyo ngozi yake, analiweka chini, anasimama mbele ya fidla na selo zilizoandikwa na mwanafunzi mwenzake, anaimba. Zile fidla hazimbembelezi. Zinasimama wima pembeni yake kama watu waliokuja msibani, hawasemi sana, lakini wamekuja.

Wimbo mmoja Kirby aliona haumuwezi, akakubali. Ni River Man, wenye mapigo matano badala ya manne, kwa hiyo ukijaribu kuufuata kwa mguu unajikwaa. Huo ukapangwa na mtu mzima wa kazi, Harry Robinson, na fidla zake zinaingia kama ukungu wa asubuhi, huoni zimeanza wapi. Kwenye nyimbo nyingine kuna konga za Rocki Dzidzornu kutoka Ghana, na kwenye besi kuna Danny Thompson. Hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Albamu ilipotoka haikuuza. Alitoa tatu maishani, na hakuna hata moja iliyofika nakala 5,000 wakati ule. Aliacha Cambridge kabla ya kumaliza digrii, jambo ambalo nawaomba wale mnaokaribia kudisco msilifanye kisingizio. Alifariki Novemba 1974, akiwa na miaka 26. Mwishoni mwa 1999 wimbo wake mmoja ulitumika kwenye tangazo la magari ya Volkswagen huko Marekani, na ghafla dunia ikamjua. Miaka ishirini na tano baada ya kuzikwa.

Ya kwanza: Heart Food, ya Judee Sill (1973)

Ukiniuliza kwa masikio tu, bila siasa za chumbani, hii ndiyo ya kwanza.

Judee Sill alizaliwa California mwaka 1944, na maisha yake ya ujana hayasimuliki kwa wepesi: wizi wa kutumia silaha, heroini, gerezani. Ila mimi kama mtu wa elimu nimekwama kwenye kipande kimoja. Alipokuwa binti alipelekwa shule ya kurekebisha tabia, na humo ndimo alimopiga ogani ya kanisani na kujifunza mahadhi ya gospeli. Sijui mwalimu gani alimwachia ile ogani. Ningependa kuwa mwalimu huyo. Miaka mingi baadaye, mchanganyiko wa gospeli na mapenzi yake kwa Bach ndio unaosikika kwenye kila kitu alichoandika.

Albamu yake ya kwanza ilitoka 1971, na ilikuwa ya kwanza kabisa kutolewa na kampuni ya Asylum. Okestra za humo zilipangwa na watu wengine. Kwenye ya pili, Heart Food, alisema atapanga mwenyewe. Akaandika sehemu za ala zote, kisha akasimama mbele ya wapigaji akaziongoza. Mwanamke wa miaka ishirini na nane, hana digrii ya muziki, mwaka 1973, anawaelekeza wanamuziki wa studio wapi waanze na wapi wapumue.

Unasikia tofauti. Kwenye The Kiss anaanza kama mtu anayeongea na nafsi yake kwenye piano, na fidla zinapokuja hazitoki nje, zinatoka ndani ya wimbo, kana kwamba zilikuwepo tangu mwanzo na wewe ndiye uliyechelewa kuzisikia. Na wimbo wa mwisho, The Donor, unapita dakika nane: sauti yake mwenyewe imerekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa kwaya, ikiomba kwa maneno yale ya zamani ya Kigiriki ya kumwomba Bwana ahurumie. Mimi ni Muislamu, na bado wimbo ule umenikalisha kitandani taa zimezimwa zaidi ya mara moja. Hakuna mahali unaposikia okestra huku na mwimbaji kule. Ni mtu mmoja.

Nayo haikuuza. Alianza albamu ya tatu ikabaki bila kukamilika, akafariki 1979 akiwa na miaka 35. Nyimbo zile zilikuja kuchanganywa na Jim O'Rourke na kutolewa mwaka 2005. Mwaka uliofuata, huyohuyo O'Rourke ndiye aliyechanganya Ys ya Newsom. Mnaona jinsi watu hawa wanavyoshikana mikono kwa mbali.

Na Pink Moon je?

Najua rumeti atasoma makala hii, na najua karata yake. Ataweka mezani Pink Moon, albamu ya mwisho ya Nick Drake, ya 1972. Ilirekodiwa usiku mara mbili tu, fundi John Wood peke yake akiwa naye. Hakuna fidla. Gitaa, sauti, na kipande kimoja kifupi cha piano. Haifiki nusu saa. Na wapo wengi wanaoamini ndiyo bora kuliko zote. Hoja yake ni hii: mtu mwenyewe alijaribu okestra mara mbili, mara ya tatu akaitupa. Kesi imekwisha.

Siibezi Pink Moon. Kuna siku haiwezekani kusikiliza kitu kingine. Lakini haithibitishi anachotaka ithibitishe. Pink Moon ina nguvu kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekuwa anajua kabisa fidla zinaweza kufanya nini, akachagua kuziacha. Ule utupu ameuchagua. Rumeti wangu hajachagua. Amekimbia. Kuna tofauti kati ya mtu aliyefunga na mtu aliyekosa chakula, ingawa wote wawili matumbo yako wazi.

Tena tusisahau: kwenye Five Leaves Left aliyekataa okestra ya kwanza ni Drake mwenyewe. Na hakusema sitaki tena fidla. Alisema sizitaki hizi, na ninamjua mtu wa kuandika nyingine. Hilo ndilo somo ambalo sisi siku ile studio tulishindwa kulisoma. Tulipaswa kusema hapana kwa yule prodyuza, halafu tusiishie kwenye hapana.

Kosa langu, nimeliona darasani

Wakati wa TP nilipangiwa kidato cha pili. Kulikuwa na binti anakaa dirishani, anajibu kwa sauti ya kunong'ona. Akijibu, mimi nalirudia jibu lake kwa sauti kubwa ili darasa lisikie, na nikilirudia naliongezea, nalinyoosha Kiswahili chake, natia msamiati wa kitabu. Nilijiona nafundisha kweli. Wiki ya tatu akaacha kunyoosha mkono. Msimamizi wangu aliyekaa nyuma siku hiyo aliniambia kitu kimoja tu: "Unawajibia." Nikakumbuka maneno ya bibi kuhusu fidla. Nikamkumbuka na yule prodyuza. Nilikuwa nimemlaumu miezi mingi, kumbe kazi yetu ni moja na tunaiharibu kwa namna moja.

Baada ya hapo nikaacha kurudia. Nilikuwa naliambia darasa, "Sogeeni, mwenzenu anaongea." Siku mbili za kwanza palikuwa kimya cha aibu. Ya tatu akanyoosha mkono.

Ndiyo maana nasema okestra si mapambo. Okestra nzuri ni darasa lililosogea. Okestra mbaya ni mwalimu anayejibu kwa niaba ya mwanafunzi kwa sauti nzuri kuliko yake.

Tusiwasubiri wafe

Kuna jambo linanikera kwa sisi mashabiki wa muziki huu. Tunapenda mno vifo vyao. Tunasimulia miaka 26 ya Drake na miaka 35 ya Sill kwa sauti ya utamu, kana kwamba huzuni ndiyo iliyoandika zile fidla. Huzuni haijui kuandika noti. Aliyeandika ni Kirby, amekaa mezani na penseli. Aliyeandika ni Sill, usiku kwa usiku, akijifunza selo inashuka mpaka wapi.

Anayenifaa zaidi kama mfano ni Bill Fay, Mwingereza ambaye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1970 ilipangiwa okestra na Mike Gibbs. Akatoa nyingine 1971, hazikuuza, kampuni ikamwacha. Hakufa. Alifanya kazi za kawaida, zikiwemo za kutunza bustani, akaendelea kutunga nyumbani kwenye piano yake. Mwaka 2012 akatoa Life Is People, mzee mzima, na safari hii watu walikuwepo. Ameishi mpaka 2025. Sikumuweka kwenye nne zangu kwa sababu ya masikio tu, lakini kwa maisha ningemweka wa kwanza.

Hawa wote wanaitwa wanamuziki wa mashabiki wachache, na tunaona fahari kuwa miongoni mwa hao wachache. Lakini kila mmoja wao wakati fulani alikuwa mtu wa chumba cha jirani. Drake alikuwa kijana wa bweni anayepiga gitaa usiku. Kuna waliomsikia wakageuka upande wa pili wakalala, na kuna mmoja aliyesema niachie hizo nyimbo nizisikilize vizuri, kisha akaandika. Hapa kampasini kwetu, siku ya vipaji, mtu mwenye gitaa akipanda jukwaani ndio muda wa watu kwenda kununua chipsi. Halafu miaka ishirini baadaye tutakuwa mashabiki wa kukesha.

Kwa hiyo mpangilio wangu unabaki hivi: bora kuliko zote ni Heart Food, kwa kuwa hakuna aliyesimama kati ya mwimbaji na okestra yake. Lakini ya kutufundisha sisi ni Five Leaves Left. Si kila mtu ni Judee Sill, wa kujifunza yote peke yake na kulipa gharama aliyolipa. Wengi wetu tunahitaji Kirby mmoja wa hosteli ya pili.

Nimeshamtafuta. Kuna kaka anasoma muziki hapa hapa, anapiga selo kwenye kwaya yao, nilimsikia wakifanya mazoezi. Nilimwambia kuna wimbo wa maandazi. Hakusema ameuelewa. Aliuliza, "Anaimba kwa ufunguo gani, na anapumua wapi?" Nikasema hilo siwezi kumjibia, aulizwe mwenyewe.

Rumeti, umesoma mpaka hapa, najua. Ulifuta ule wa studio, lakini ule wa kwenye kimbweta ninao kwenye simu yangu, na kelele za popo zote zimo. Sijampa mtu. Ukisema hapana ni hapana, na Pink Moon tutaendelea kuisikiliza wote. Gitaa nimeliazima tena, liko juu ya kabati. Bado nyuzi moja haijafungwa.